Je, msitu wa Mtai una vipepeo wachache kuliko Amani, au hatujawahesabu tu?

#1 Kijana wa Maramba
Salaam wanajukwaa. Ninaishi Maramba, wilaya ya Mkinga, chini ya msitu wa Mtai. Kwa muda sasa nimekuwa nikilinganisha orodha za vipepeo wa Usambara Mashariki, na kila nikilinganisha ninakuta hali ile ile: Amani imejaa majina, ilhali misitu ya pembezoni kama Mtai, Nilo na Mlinga ina majina machache. Hapa kijijini wapo wanaolichukua jambo hili kuwa ushahidi kwamba msitu wetu ni maskini, na nimemsikia mtu mzima wa heshima zake akisema kwamba juhudi za ulinzi zielekezwe kule kwenye viumbe wengi.

Dai hilo linanisumbua, kwa sababu sijui kama orodha hizo zinasema habari za msitu au habari za watu walioingia msituni. Vijana kadhaa tunataka kufanya hesabu yetu wenyewe kule juu, mahali ambapo kutoka barabarani ni mwendo mrefu wa miguu. Naomba wenye ujuzi watueleze: tofauti hiyo inatoka wapi, na tufanyeje ili hesabu yetu isidharauliwe?

#2 Mwalimu wa Pongwe
Swali zuri, mwanangu. Jibu langu ni kwamba Amani imetafutwa, na Mtai haujatafutwa. Wajerumani walianzisha taasisi yao ya utafiti wa kilimo na viumbe pale Amani mwaka 1902, wakajenga nyumba, maabara na bustani ya mimea, na hata reli ndogo ilipandishwa kutoka Tengeni hadi Zigi. Mtu aliyekuwa na wavu wa vipepeo aliweza kulala kitandani, akaamka asubuhi na kuanza kazi mlangoni pake. Baada ya Wajerumani wakaja Waingereza, na baada yao watafiti wa kila namna hadi leo. Zaidi ya karne nzima watu wamepita katika njia zile zile.

Kule Mtai mtafiti alipaswa kubeba hema, chakula na maji, akakaa kwa muda mfupi na kushuka. Ukimpa mtu mmoja mwaka mzima na mwingine wiki moja, wa kwanza ataleta majina mengi zaidi hata kama misitu yote miwili ni sawa kabisa. Kwa hiyo, kabla ya kulinganisha idadi ya spishi, linganisheni kwanza idadi ya saa ambazo watu walikuwa ndani ya msitu.

#3 Binti wa Lushoto
Ninakubaliana na Mwalimu, lakini naongeza majira. Huku kwetu Magamba, msitu ambao wakati wa kipupwe unaonekana hauna kipepeo hata mmoja hubadilika kabisa jua linapotoka baada ya mvua. Watafiti wa nje mara nyingi huja miezi ya Juni hadi Agosti kwa sababu ndipo vyuo vyao vinapofungwa, na ndiyo miezi ya baridi na ukungu. Orodha ya Julai si orodha ya msitu.

#4 Mfugaji wa Vipepeo, Amani
Hamjambo nyote. Mimi ni mmoja wa akina mama tunaofuga vipepeo katika vijiji vya Amani tangu ule mradi wa Wajerumani wa kuuza pupa (kiwavi aliyejifunga kabla hajatoka kipepeo) ulipoanza, kwa hiyo nitasema yale ninayoyaona kwa macho yangu.

Ninyi wote mnazungumzia kipepeo anayeruka. Kipepeo anayeruka ni mgeni. Leo yuko hapa, kesho upepo umemchukua. Ukitaka kujua kama kipepeo ni mwenyeji wa msitu, tafuta kiwavi wake kwenye mti anaoula. Sisi tulijifunza hivyo kwa lazima, kwa maana mtu hawezi kufuga kipepeo asiyemjua chakula chake. Wale wa jenasi Cymothoe, ambao dume na jike hawafanani rangi hata kidogo, tunawatafutia kwenye miti ya Rawsonia. Yule Euphaedra neophron mwenye mkanda wa rangi ya dhahabu hutaga kwenye Deinbollia. Wale wa Graphium wanapenda jamii ya mitopetope. Kiwavi haruki na hakimbii wavu, na mvua ikinyesha bado yupo pale pale.

Kwa hiyo, kijana wangu, anza na miti. Pita Mtai ukiorodhesha miti midogo ya chini, pindua majani, tazama yaliyotobolewa. Ukikuta Rawsonia nyingi zenye majani yaliyoliwa, utakuwa umejua jambo ambalo wavu hautakuambia.

#5 Mwalimu wa Pongwe
Dada yangu wa namba 4, maelezo yako ni dhahabu, ila tusahihishe jambo moja kwa ajili ya wasomaji wengine. Mradi wa pupa haukuanzishwa na Wajerumani. Ulianza mwaka 2003 chini ya Shirika la Uhifadhi wa Misitu ya Asili Tanzania, na soko lake lilikuwa nyumba za maonyesho ya vipepeo hai huko Ulaya na Marekani.

#6 Mfugaji wa Vipepeo, Amani
Ahsante, Mwalimu. Na soko hilo ndilo lililofungika mwaka 2016 Serikali iliposimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje ya nchi. Pupa haiwezi kusubiri. Baada ya siku chache kipepeo anatoka. Wengi wetu tuliacha, na ujuzi wa kutambua miti na viwavi sasa unabaki vichwani mwa watu wachache. Kama vijana wa Maramba wanataka kujifunza, waje mapema.

#7 Mpanda Milima wa Korogwe
Habari zenu. Nimewahi kubeba mizigo ya watafiti katika msitu wa Nilo na baadaye kufanya kazi ya kukagua mitego, na kwa maoni yangu hoja ya Mwalimu ya saa za kazi haitoshi. Watu wawili wanaweza kukaa muda ule ule msituni wakaleta orodha mbili zisizofanana kwa sababu mmoja alitumia wavu na mwingine alitumia mtego.

Mtego ninaouzungumzia ni ule wa kitambaa cha chandarua kilichoshonwa kama mfuko mrefu, juu umefungwa, chini kuna sahani iliyoning'inia na nafasi ndogo pembeni. Ndani ya sahani huwekwa ndizi mbivu zilizopondwa na kuachwa mpaka zichachuke, na wengine huongeza pombe ya miwa. Kipepeo huingia kwa chini, akishiba huruka kwenda juu, naye hakumbuki kushuka tena. Mtego huo huwaleta Charaxes wenye nguvu, ambao huwezi kuwafikia kwa wavu kwa sababu wanaruka kwa kasi na kukaa juu, huwaleta Euphaedra, na huwaleta wale wa kahawia wa jenasi Bicyclus wanaotembea kwenye majani makavu. Lakini hutakamata humo vipepeo weupe na wa njano wa jamii ya Pieridae, wala wale wadogo wa bluu wa Lycaenidae, kwa kuwa hao hawali matunda yaliyooza. Aliyetumia mtego pekee ataandika kwamba msitu hauna Pieridae, na atakuwa amesema kweli kuhusu mtego wake.

Ushauri wa vitendo: pakeni grisi kwenye kamba inayoshikilia mtego, la sivyo mtakuta mabawa peke yake. Siafu na sisimizi hufika kabla yenu. Kagueni mtego kila siku, na chambo cha mitego yote kibadilishwe siku moja, kwa kuwa ndizi ya jana na ndizi ya siku tano haziiti vipepeo sawasawa.

#8 Mwana wa Bagamoyo
Namba 7, umeeleza vizuri, ingawa naona watu wa milimani hamwezi kutaja sayansi bila kutaja pombe ya miwa.

Nina maelezo tofauti na ya wote waliotangulia. Huenda Amani ina spishi nyingi kwa sababu imeharibiwa kidogo. Tazameni ramani: ndani yake na kandokando kuna mashamba ya chai, vijiji, barabara, bustani ya miti ya kigeni kutoka kila pembe ya dunia. Kila uwazi unaofunguliwa msituni huingiza vipepeo wa uwandani, wale wa maua ya magugu, wale wa mashamba, ambao msitu mzito usingewaruhusu. Ukiwajumlisha na wenyeji wa kivulini unapata orodha ndefu. Msitu uliofunga, ambao haujaguswa, unaweza kuwa na orodha fupi na bado ukawa na thamani kubwa zaidi. Huku kwetu katika msitu wa Zaraninge nimeona hivyo: pembezoni mwa njia ya gari kuna vipepeo wengi wa kila rangi, na ndani kabisa ni wachache, lakini wale wachache ndio usiowaona popote pengine.

#9 Mstaafu wa Misitu, Muheza
Namba 8 amegusa jambo ambalo nimelisubiri. Nilifanya kazi katika misitu ya Usambara Mashariki, na ninaona mara nyingi watu wanauliza "wangapi" wakati wangepaswa kuuliza "nani".

Chukueni mfano wa Papilio demodocus, yule mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano. Viwavi wake wanakula majani ya mchungwa. Muheza nzima ni michungwa. Kwa hiyo yeye yupo kila mahali, naye ataingia katika orodha ya msitu wowote mtakaoupima kuanzia Zigi hadi Mlinga. Kumwandika hakuelezi chochote kuhusu afya ya msitu. Halafu mchukueni Hypolimnas antevorta, kipepeo wa kaskazini mashariki mwa Tanzania ambaye jina lake halitenganishwi na milima hii ya Usambara. Katika orodha kila mmoja wao ni mstari mmoja, lakini mmoja akipotea Usambara bado yupo karibu Afrika nzima kusini mwa Sahara, na mwingine akipotea hapa, pa kumfuata ni padogo sana.

Hata hivyo sikubali kwamba uharibifu wa Amani ni mdogo. Miaka ya 1970 na 1980 msitu ule ulikatwa mbao kwa mashine, na katika mapengo yaliyobaki ukaota mti wa Maesopsis eminii, ambao si wa huku na ambao ndege aina ya hondohondo huueneza kwa kula matunda yake na kuzitupa mbegu mbali. Mahali ambapo Maesopsis imetawala, mimea ya chini hubadilika, na dada yetu wa namba 4 ametueleza kwamba mimea ya chini ndiyo chakula cha viwavi. Kwa hiyo orodha ya Amani ya mwanzo wa karne iliyopita na ya leo huenda zimetoka katika misitu miwili tofauti iliyosimama juu ya ardhi moja. Hifadhi yenyewe ilitangazwa mwaka 1997 tu.

#10 Binti wa Lushoto
Mzee wangu, je, basi tuziweke kando orodha za zamani?

#11 Mwalimu wa Pongwe
La, binti, ila zisomwe kwa tahadhari. Vielelezo vingi vya enzi za Wajerumani vilikwenda Berlin, na baadhi ya lebo zake zimeandikwa "Usambara" tu, bila kusema Mashariki au Magharibi. Kati ya pande hizo mbili kuna bonde la Lwengera, lenye joto na ukavu, ambalo kipepeo wa msituni havuki kwa urahisi. Mtu aliyekusanya Ngwelo, upande wa Mashariki, na aliyekusanya karibu na Lushoto, upande wa Magharibi, wanaweza kuonekana kuwa walisimama mahali pamoja. Jan Kielland, raia wa Norway aliyeishi nchini kwa miaka mingi, alipochapisha kazi yake kubwa kuhusu vipepeo wa Tanzania mwaka 1990, alituwekea msingi ambao kila mtu anauanzia, lakini msingi si nyumba.

Misitu kama Mtai ilipata bahati kidogo miaka ya 1990, wakati mradi wa misitu ya vyanzo vya maji uliofadhiliwa na Finland, pamoja na watafiti wa Frontier Tanzania, walipopita msitu mmoja baada ya mwingine wakiorodhesha miti, ndege, vyura na vipepeo. Zitafuteni ripoti hizo kabla ya kupanda, ili msianze kana kwamba hakuna aliyewatangulia.

#12 Kijana wa Maramba
Nawashukuru sana. Sasa nina swali la pili. Hatuna fedha za mitego mingi, lakini simu tunazo. Je, hatuwezi kupiga picha tu na kuzipakia kwenye programu kama iNaturalist, wataalamu wakatusaidia majina? Tungependa tusiue kipepeo yeyote.

#13 Mpanda Milima wa Korogwe
Kwa vipepeo wakubwa picha inatosha, mradi muipige juu ya bawa na chini ya bawa pia, kwa sababu mara nyingi alama za kutofautisha ziko upande wa chini.

#14 Mhifadhi wa Vielelezo
Naomba nitofautiane kidogo na namba 13. Picha inatosha kwa baadhi tu. Katika Lycaenidae na katika wale wanene wa kuruka kwa mirukoruko, Hesperiidae, zipo spishi ambazo hata mtaalamu mwenye kipepeo mkononi hawezi kuzitenganisha mpaka atazame viungo vya uzazi vya dume kwa hadubini. Picha ya simu haitafika huko kamwe. Njia ya katikati ipo: mkamateni kipepeo, mtoeni mguu mmoja kwa ajili ya uchunguzi wa vinasaba, mpigeni picha, kisha mwachieni aende. Hata hivyo sampuli zinahitaji maabara, na maabara inahitaji fedha.

Kuna mtego mwingine wa macho. Papilio dardanus dume ni wa njano iliyopauka, ana mikia, na kila mtu anamtambua. Majike wa bara letu wengi hawana mikia, tena wanaiga sura za vipepeo wengine wenye sumu, kama Amauris, kila kundi la majike likiwa na vazi lake. Katika karne ya 19 watu waliwaandika kama spishi kadhaa mpaka Roland Trimen alipoonyesha kwamba wote ni spishi moja. Vivyo hivyo Precis octavia wa majira ya mvua ni mwekundu wa kung'aa, na wa kiangazi ni wa bluu. Mtu asiyejua hilo ataongeza orodha yake kwa majina ambayo hayapo, na ndiyo sababu mimi sishangai hata kidogo ninapoona orodha ndefu mno.

#15 Mwana wa Bagamoyo
Kwa hiyo tumefikia kwamba orodha fupi inaweza kuwa fupi kwa uvivu, na orodha ndefu inaweza kuwa ndefu kwa makosa. Tuamini ipi?

#16 Mhifadhi wa Vielelezo
Iamini ile inayoonyesha jinsi ilivyopatikana. Tazama ni spishi ngapi ziliandikwa mara moja tu. Kama karibu nusu ya majina yalionekana mara moja, ujue bado kuna wengi ambao hawajaonekana, na msitu haujakwisha kupimwa. Kama karibu kila jina limerudiwa mara nyingi na majina mapya yamekoma kuingia, hapo unaweza kuanza kusema neno kuhusu msitu wenyewe. Wataalamu wa takwimu wana kanuni za kukadiria idadi ya waliojificha kutokana na walioonekana mara moja na mara mbili. Lakini kanuni hizo haziwezekani ikiwa mwandishi ameweka majina matupu bila idadi.

#17 Mfugaji wa Vipepeo, Amani
Na mimi narudia: hata hesabu hiyo ni ya wanaoruka. Kuna vipepeo ambao hapa Amani tumewapata kama viwavi kwa wingi, ilhali wakubwa wao hatuwaoni kwa sababu wanakaa juu kwenye vichwa vya miti.

#18 Mstaafu wa Misitu, Muheza
Hilo la vichwa vya miti ndilo zito kuliko yote, na sijaona mtu akilijibu. Wapo wadogo wa jamii ya Lycaenidae ambao viwavi wao hawali majani kabisa, bali kuvu na ukoga unaoota kwenye magome. Huko juu hakuna wavu unaofika. Msitu mzito wenye miti mirefu huwaficha; msitu uliofunguliwa huwateremsha karibu na macho yetu, kwa kuwa jua linafika chini. Basi huenda Mtai unaonekana maskini kwa sababu ni mzima.

#19 Mpanda Milima wa Korogwe
Mzee, kwa heshima yako, Mtai nao si mzima kila mahali. Sehemu za chini zimepasuliwa mbao na kupitiwa na mifugo. Tena kuna suala la mwinuko: kipepeo wa msitu wa joto wa mabondeni na kipepeo wa msitu wa ukungu si mmoja. Mtu aliyepiga kambi bondeni Mtai akalinganisha na Amani, iliyo karibu mita 900, amelinganisha vimo, hakulinganisha misitu. Mngelinganisha Mtai wa bondeni na msitu wa karibu na Zigi, hapo ningewasikiliza.

#20 Binti wa Lushoto
Kijana wa Maramba, kabla ya yote shughulikieni vibali. Msitu uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na utafiti una utaratibu wake kupitia COSTECH (Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia) na TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori). Anzieni ofisi ya kijiji, maana mtu anayeonekana msituni na chandarua na sahani za ndizi ataulizwa maswali.

#21 Kijana wa Maramba
Nimeandika yote. Mpango wetu kwa sasa ni huu: njia moja ya kutembea na kuhesabu, mwendo ule ule, tukiandika tu wanaoonekana ndani ya mita chache mbele yetu, jua likiwa limetoka, mitego michache bondeni na michache juu, kila mmoja na mwinuko wake, na siku za kupindua majani pamoja na mama wa namba 4, kama atakubali tuje. Tutarudia masika, kipupwe na vuli. Kila kipepeo ataandikwa kwa idadi na mahali, na siku ambazo hatukuona kitu zitaandikwa pia.

#22 Mfugaji wa Vipepeo, Amani
Njooni. Ila msije siku ya mnada.

#23 Mwana wa Bagamoyo
Nimeupenda mpango, isipokuwa sehemu ya jua. Mkihesabu wakati wa jua peke yake, wale wa kahawia wa kivulini, wanaotoka alfajiri na jioni, mtawakosa wote, na watu watasema Mtai hauna Bicyclus.

#24 Mhifadhi wa Vielelezo
Hao mtego wa ndizi utawaleta. Mimi ningehofia zaidi urefu wa kamba. Pandisheni mtego mmoja hadi karibu na vichwa vya miti kwa kombeo na uzi wa kuvulia, hata kama ni mmoja tu, na uwekeni karibu na mwingine ulio kimo cha mtu. Tofauti ya mitego hiyo miwili mtakapoileta hapa, ndipo tutakapoweza kuendelea kubishana na Mzee wa Muheza kuhusu namba 18.

#25 Mstaafu wa Misitu, Muheza
Nitasubiri. Ila mmoja hautoshi kunishawishi. Wekeni walau juu ya mti wa matunda na juu ya mti usio na matunda, kwa sababu Charaxes hufuata utomvu na matunda yanayodondoka, na mtego ulio kwenye mkuyu unaozaa utatoa jibu la mkuyu, si la msitu.